Maswali na Majibu: Miche kwa Mamilioni, Msitu Uko Wapi?

Kila msimu wa mvua ukikaribia, maswali ya miti huja kwa fungu. Safari hii nimechagua yale yanayogusa miti na mabadiliko ya tabianchi. Walioniuliza bei ya miche ya parachichi wanisamehe, hiyo ni kazi ya wenzangu wa ukurasa wa kilimo. Na ninyi mnaotuma swali moja mara tatu kwa namba tatu tofauti, nawaona.

SWALI: Nimesikia wanasayansi wamethibitisha kwamba tukipanda miti trilioni moja, tatizo la tabianchi limekwisha. Kwa nini basi tunahangaishwa na mambo ya gesi na umeme wa jua? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hawajathibitisha hivyo. Ulichosikia kilianzia kwenye utafiti wa mwaka 2019 uliotoka katika jarida la Science, kazi ya watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich kule Uswisi. Walichora ramani, wakasema nje ya mashamba na miji dunia bado ina nafasi ya takriban hekta milioni 900 za miti zaidi, na kwamba miti hiyo ikikomaa ingehifadhi tani bilioni 205 za kaboni. Magazeti yakaimba. Januari 2020 wakubwa wa siasa na biashara waliokutana Davos, Uswisi, wakazindua kampeni ya miti trilioni moja, na hata Rais Trump, ambaye habari za tabianchi hataki kuzisikia, akajiunga. Hapo ungepaswa kujiuliza: jambo linalopendwa na kila mtu, pamoja na wenye visima vya mafuta, linamgharimu nani?

Kilichofuata hakikutangazwa sana. Wanasayansi wengine waliandika kwamba hesabu ile ilizidishwa, kuna waliosema mara tano, kwa sababu ilizihesabu mbuga za nyasi kama mahali palipopungukiwa miti na ikapuuza kaboni ambayo tayari imo udongoni. Mwaka 2020 watafiti wale wakachapisha masahihisho na kulegeza kauli yao. Mwaka 2023 baadhi yao, pamoja na wenzao wengi, walirudi na utafiti mwingine katika jarida la Nature. Humo walisema asilimia 61 ya uwezo wa misitu kuongeza kaboni ingepatikana kwa kuiacha misitu iliyopo ipone na kukomaa. Si kwa kupanda. Sijawahi kuona kiongozi akikata utepe kuzindua msitu ulioachwa upone.

Sasa jambo la msingi, ambalo sitalirudia mwezi ujao. Makaa ya mawe na mafuta ni kaboni iliyolala chini ya ardhi mamilioni ya miaka. Ukiichoma, unaiingiza hewani kaboni ambayo haikuwamo katika mzunguko wa majani, wanyama na udongo. Mti unaweza kuishika kwa muda tu, mpaka uungue, uoze au ukatwe. Dunia inatoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kila mwaka kutokana na mafuta, gesi, makaa na saruji. Basi la kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, likinywa lita 400 hivi za dizeli, linatoa zaidi ya tani moja kwa safari ya kwenda tu. Mti ambao ukikaushwa unabaki na uzito wa kilo 100 umeshika kilo 180 hivi za hewa ukaa, maana nusu ya uzito huo ni kaboni, na kaboni ikiungana na oksijeni kuwa hewa ukaa uzito huongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo safari moja ya basi ni miti sita, tena si miche sita: miti sita mikubwa, iliyosimama miaka, na inayopaswa kuendelea kusimama hata baada ya basi lenyewe kuuzwa chuma chakavu. Kesho yake basi linarudi Dar.

Miti inasaidia. Haimalizi. Anayekuambia inamaliza ana kitu anataka kuendelea kukichoma.

SWALI: Mzee, mti gani unakua haraka? (Moshi, Kahama, Songea, Mbeya na wengine wengi)

JIBU: Magugu. Safu hii haitajibu tena swali hili mpaka muulizaji aseme anataka nguzo, kuni, kivuli, malisho, matunda au maji, na shamba lake liko wapi.

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Nakuru. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa mapumziko ya kitaifa tukapanda miti na wanafunzi. Umewahi kuandika kwa kejeli kuhusu siku ile. Una tatizo gani na lengo la miti bilioni 15? Wangari Maathai si alituonyesha njia?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako sina ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi wangu ni na hesabu. Miti bilioni 15 ikipandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, yaani miti 1,111 kwa hekta, inataka hekta milioni 13.5. Hiyo inakaribia robo ya Kenya yote. Ardhi hiyo ni ya nani, nani anachunga humo leo, na nani atamwagilia Februari jua linapochoma? Lengo lilitangazwa Desemba 2022, mwisho wake 2032. Julai 2023 serikali hiyo hiyo ikaondoa zuio la kuvuna miti lililokuwapo tangu 2018, na miezi minne baadaye ikawapa watu mapumziko wakapande miche. Mkono huu na ule havisemezani.

Msidhani naionea Kenya. Kwetu Tanzania kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Tuna halmashauri 184, kwa hiyo ni miche milioni 276. Kwa nafasi ile ile, miche hiyo ingefunika hekta 250,000 hivi, na hapo tumekubaliana kwamba hata mche mmoja usife. Wakati huohuo takwimu za serikali zinaonyesha tunapoteza zaidi ya hekta 400,000 za misitu kila mwaka. Fanya mwenyewe hesabu ya kutoa, kisha uniambie kama tunapaswa kuanza na jembe au na msumeno.

Na miche hufa. Watafiti waliokusanya takwimu za maeneo mengi yaliyopandwa miti katika Asia ya kitropiki walikuta, kwa wastani, asilimia 18 ya miche imekufa ndani ya mwaka mmoja na asilimia 44 ndani ya miaka mitano, na hayo ni maeneo ambayo angalau kulikuwa na mtu wa kurudi kuhesabu. Uturuki ilipanda miche milioni 11 tarehe 11 Novemba 2019 kwa mbwembwe za rekodi ya dunia. Miezi michache baadaye chama cha wafanyakazi wa kilimo na misitu kilitangaza kwamba katika maeneo kilikokagua takriban asilimia 90 ilikuwa imekauka. Wizara ikakanusha. Mimi ningependa kila halmashauri iache kutuletea idadi ya miche iliyopandwa mwaka huu, itupe idadi ya iliyo hai kati ya ile ya mwaka juzi. Nimewahi kulisema hilo mbele ya wahusika; tukapewa chai.

Kuhusu Mama Wangari, usimtumie kutetea siku za sherehe. Harakati ya Ukanda wa Kijani aliyoianzisha mwaka 1977 iliwalipa akina mama kidogo kwa mche uliokubali, si kwa mche uliotoka kitaluni. Na alipopigwa mwaka 1999, alikuwa amekwenda kupanda mti wa kuandamana, si wa hafla. Alikuwa anawazuia wakubwa wasiigawane Karura, msitu uliokuwapo tayari. Sehemu hiyo ya kazi yake ndiyo inayosahaulika kila Novemba.

SWALI: Kijiji chetu huku Meatu kimekuwa kama jangwa. Tumeandika barua kuomba miche serikalini tangu mwaka juzi, kimya. Tufanye nini? (Mjumbe wa serikali ya kijiji)

JIBU: Acheni kuandika barua, someni habari za jirani zenu. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Wakati wa ukoloni miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, ikaja pamba, ikaja mifugo mingi, ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulianza kama ilivyo miradi mingi, kwa vitalu na miche ya kugawa. Kilichokuja kuugeuza mkoa hakikutoka kitaluni, kilikuwa ngitili: ule utaratibu wa Wasukuma wa kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, mifugo isikiguse, kifunguliwe kiangazi kikikaza. Ng'ombe wasipoingia kwa muda, miti hujiotea yenyewe kutoka kwenye mizizi na mbegu zilizobaki. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilipita hekta 300,000. Mradi ukaja kusifiwa hata nje ya nchi. Jiulizeni miche hiyo ilibebwa na lori gani.

Sasa tokeni asubuhi mwende kwenye mashamba yenu mkatazame chini. Mtaona vijiti vinavyochipua kila mwaka, nanyi kila mwaka mnavikwangua kwa jembe na kuvichoma. Hivyo si vichaka. Ni miti iliyokatwa zamani ambayo mizizi yake bado ni mizima, inafika kwenye unyevu ambao mche wa kitaluni hautaufikia kwa miaka mingi. Dodoma wenzenu wanaiita kazi hii kisiki hai. Unachagua kisiki chenye machipukizi yenye afya, unaacha matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine unayakata. Unapogolea matawi ya pembeni mpaka nusu ya urefu. Unafunga kitambaa ili jirani na mchungaji wajue mti huo una mwenyewe. Kisha unalinda. Hakuna kumwagilia, hakuna kiriba, hakuna mgeni rasmi.

Huko Niger, mikoa ya Maradi na Zinder, wakulima walifanya hivyo kuanzia miaka ya 1980 baada ya miradi ya kupanda miche kushindwa mmoja baada ya mwingine. Leo inakadiriwa wamerudisha miti milioni 200 katika hekta milioni 5 za mashamba yao. Lakini ilibidi kwanza jambo moja libadilike. Zamani mti ulioota shambani ulihesabiwa kuwa wa serikali, na mkulima aliyeukata alitozwa faini, kwa hiyo aliung'oa ungali mchanga kabla afisa misitu hajauona. Wakulima walipoachwa waihesabu miti kuwa yao, wakaanza kuitunza. Hapo Meatu mtakutana na swali hilohilo. Kisiki kilichoko shambani kwa mtu, tawi lake ni la nani? Kuni zake je? Liamueni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liingie kwenye sheria ndogo, na adhabu ya anayelishia mifugo eneo lililofungwa iwe ileile kwa mtoto wa mwenyekiti. Ngitili nyingi zimekufa mikononi mwa wenye ng'ombe wengi na marafiki wengi.

Ila msitarajie msitu wa Usambara. Mtapata migunga, malisho, kuni za mke na mama yako karibu na nyumba, na udongo usiosombwa na mvua ya kwanza. Kaboni itaingia humo, lakini si ndiyo iliyowatoa kitandani.

SWALI: Mimi huchoma mkaa Liwale, sikatai. Lakini nikikata mti mmoja napanda mitatu. Si nimelipa deni na chenji imebaki?

JIBU: Ukichinja ng'ombe wa maziwa ukaleta ndama watatu, watoto watakunywa nini kesho asubuhi? Mti wa miombo uliokata una miaka hamsini, sitini. Kaboni yake imekwenda hewani leo, na miche yako itahitaji miaka kama hiyo kuirudisha, kama itapona. Kaulimbiu ya "kata mti panda mti" imetuharibu vichwa, imetufanya tuone kukata kama nusu ya kazi ya uhifadhi.

Hata hivyo wewe si adui yangu mkubwa. Anayekula chips Kariakoo kila jioni na kulaumu wachoma mkaa ndiye mteja wako. Taifa lina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mtungi wa gesi unaopatikana kwa bei ya kueleweka utaokoa miti mingi kuliko kitalu chochote. Kwa upande wako: usichome kisiki wala kung'oa mizizi, kata juu kidogo ya ardhi, zuia moto kwenye eneo ulilokata, na miombo itachipua yenyewe. Mitatu yako unaweza kuacha.

SWALI: Shikamoo Mzee. Jirani amepanda mikaratusi kando ya chemchemi yetu hapa Njombe, maji yamepungua. Yeye anasema miti huleta mvua na anasaidia dunia.

JIBU: Marahaba. Jirani yako anasaidia mfuko wake, na kuna ubaya gani, ila asiupake rangi ya kijani. Utafiti wa mwaka 2005 uliochapishwa katika Science ulikusanya takwimu kutoka sehemu nyingi za dunia ambako nyasi au vichaka vilibadilishwa kuwa mashamba ya miti: maji ya vijito yalipungua kwa wastani wa asilimia 52, na asilimia 13 ya vijito vilikauka kabisa kwa angalau mwaka mmoja. Mkaratusi ndio unaosemwa zaidi, lakini misindano nayo hunywa. Kenya mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Afrika Kusini tangu 1995 ina mpango wa kuwalipa watu wakate miti ya kigeni kwenye mabonde ya maji.

Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Chukueni futi kamba mpime mkiwa na mtendaji wa kijiji, kisha barua iende ofisi ya bonde la maji. Mpime kwanza, mgombane baadaye.

Na tukiwa hapo Nyanda za Juu, niseme jambo. Mashamba ya miti ya nguzo na mbao nayaunga mkono, Sao Hill imeezeka nusu ya nyumba zetu. Lakini shamba la miti si msitu. Linapandwa, linavunwa, na kaboni yake nyingi hurudi hewani kila mzunguko wa mavuno. Wanasayansi waliopima ahadi za nchi mbalimbali mwaka 2019 walikuta asilimia 45 ya eneo lililoahidiwa ni mashamba ya aina hiyo, na wakakadiria kwamba msitu wa asili ulioachwa urudi hushika kaboni mara 40 ya shamba. Unaposikia nchi fulani imerejesha misitu, uliza ni ya kuvuna au ya kuacha.

SWALI: Kikundi chetu cha vijana Tanga kimepanda mikoko ufukweni mara tatu, inasombwa. Wafadhili wanataka picha. (Katibu wa kikundi)

JIBU: Mmepanda mkoko wenyewe, ule wenye matunda marefu kama mkuki, kwa sababu ni rahisi kuokota na kuchomeka. Na mmepanda upande wa bahari, kwenye tope tupu, kwa sababu hapo hapana mwenyewe na picha inatoka vizuri. Nimekosea? Upande ule wa nje kabisa, unaopigwa na mawimbi, kwa kawaida ni makazi ya mlilana, jamii nyingine ya mikoko. Mkoko hukaa ndani zaidi, na mchu na mkandaa zina nafasi zake. Ufilipino walifanya hivyo kwa miongo, wakachomeka mikoko kwenye tope ambako haikuwahi kuota, na sehemu kubwa ikafa.

Kabla ya kupanda mara ya nne, waulizeni wazee wavuvi: hapa palikuwa na mikoko? Kama haikuwapo, msipande. Kama ilikuwapo, ni nini kiliiondoa? Mara nyingi ni barabara, tuta la chumvi au bwawa lililokata njia ya maji kupwa na kujaa. Fungueni njia ya maji, mbegu zitaletwa na bahari bure. Kisha nendeni Gazi, Kwale, upande wa Kenya, si mbali nanyi. Wanavijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wameanza kuuza kaboni tangu 2013 kutokana na hekta 117, tani 3,000 hivi kwa mwaka, fedha zikaingia kwenye maji na vitabu vya shule. Eneo lao kubwa ni mikoko iliyosimama, wao wanailinda. Tope la mikoko lina kaboni nyingi kuliko miti inayoonekana juu, na ukikata mikoko tope hilo huanza kuitoa. Mwambieni mfadhili apige picha ya tope.

SWALI: Wamekuja watu wanasema mbuga yetu ya malisho huku Longido ni ardhi tupu, ipandwe miti kuokoa dunia. Wazee wanauliza maoni yako.

JIBU: Waambie wazee wakatae mpaka waone kila kitu kwa maandishi, kwa lugha wanayoielewa. Mbuga si msitu ulioharibika. Nyasi zetu zimeishi na moto, tembo na ng'ombe kwa muda mrefu kuliko sheria yoyote ya ardhi, na kaboni yake imejificha kwenye mizizi na udongo ambako moto haufiki. Ukipanda miti minene juu yake, nyasi hufa kwa kivuli, mifugo hukosa pa kula, na mwaka wa ukame moto ukipita, kaboni uliyoiweka juu huondoka siku moja. Tena kwenye nchi kavu, miti ya rangi nyeusi hunyonya joto la jua ambalo ardhi ya rangi ya mchanga ingelirudisha juu, kwa hiyo sehemu ya faida huliwa hapo hapo.

Wakumbuke Baringo, kule Kenya. Miaka ya 1980 waliletewa mathenge, mti mgumu usiojali ukame, uzuie jangwa. Ukazuia kila kitu: njia, malisho, kingo za ziwa. Mbuzi waliokula maganda yake matamu wakang'oka meno. Mwaka 2006 wananchi wakaishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani kuwa kielelezo. Waliouleta walikuwa na nia njema na ripoti nzuri.

SWALI: Kampuni imeleta kijijini kwetu mkataba wa kaboni wa miaka 40. Tutapewa miche bure na asilimia ya mauzo. Mwenyekiti anataka tusaini kabla ya mwezi kuisha. (Msomaji, Mpanda)

JIBU: Haraka hiyo peke yake inatosha kuwafanya msisaini mwezi huu.

Biashara ya kaboni si utapeli yote. Ninyi mko Katavi, mnajua kwamba vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinalipwa kwa kuutunza msitu wa milima ya Ntakata, na mmeona zahanati na madarasa. Lakini pale kinachouzwa ni msitu uliopo kutokatwa, na vijiji vilikuwa na mipango ya matumizi bora ya ardhi kabla ya senti ya kwanza kuingia. Ninyi mnaletewa miche. Ni biashara nyingine hiyo.

Ulizeni haya, na majibu yaandikwe. Ardhi inabaki ya kijiji au inahamishwa? Asilimia ni ya mauzo, au ya kinachobaki baada ya gharama ambazo kampuni inazipanga yenyewe? Bei ikipanda mwaka wa kumi, nani anafaidika? Miti ikiungua, nani anadaiwa? Mwaka 2021 moto wa Bootleg kule Oregon, Marekani, ulichoma misitu ambayo kaboni yake ilikuwa imeshauzwa kwa makampuni. Kama Oregon yenye ndege za kuzima moto imeshindwa, nyie na matawi ya miti mtaweza? Na mtu anayetaka kuchunga, kuokota uyoga au kutundika mizinga humo ndani ataitwa mvamizi? Uganda, kwenye shamba la miti la Kachung, wanavijiji walilalamika kwamba wamekosa pa kulima na kuchunga, mpaka mwaka 2015 mnunuzi wa kaboni hiyo, Shirika la Nishati la Sweden, akasimamisha malipo.

Miaka 40 ni mirefu. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa na wajukuu karibu, bado kijiji kimefungwa na saini ya mwenyekiti ambaye muhula wake ni miaka mitano. Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zipo, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Waandikieni muulize kama mradi huo umesajiliwa. Mpelekeeni mkataba mwanasheria ambaye hakulipiwa nauli na kampuni. Uamuzi ni wa mkutano mkuu wa kijiji, si wa mwenyekiti na watu wawili ofisini.

Na msidhani tatizo ni la vijiji pekee. Mwaka 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitia saini makubaliano ya awali na serikali za Tanzania, Zambia, Liberia na Zimbabwe kuhusu mamilioni ya hekta za misitu. Nchi inayouza mafuta inakuja kununua haki ya kuendelea kuyauza, na sisi tunaita uwekezaji.

SWALI: Ninafanya kazi Maskati. Nikikata tiketi ya kwenda Zanzibar naombwa niongeze pesa kidogo ipandwe miti ya kufuta hewa ukaa ya safari yangu. Nilipe?

JIBU: Haifutiki. Ndege ikishapaa, imepaa. Pesa hiyo mpe shangazi yako anunue mtungi wa gesi.

SWALI: Huku Bukavu tunaambiwa kila siku tulinde msitu wa Kongo kwa ajili ya dunia. Wao walikata yao wakatajirika. Sisi tulinde kwa njaa?

JIBU: Hasira yako ni halali, na sitakuhubiria. Ila ujue mlichonacho. Mwaka 2017 wanasayansi walichora kwa mara ya kwanza ramani ya tope la mboji lililo chini ya misitu ya kinamasi katikati ya bonde la Kongo, katika Kongo zote mbili: kilomita za mraba 145,000 hivi, zenye takriban tani bilioni 30 za kaboni. Ikigeuka hewa ukaa, uzito huo unakuwa karibu mara nne; yaani hewa ukaa ya dunia nzima kwa karibu miaka mitatu imelala pale, kwa sharti moja tu, kwamba kinamasi kisikauke. Hakuna kampeni ya kupanda miti, ya mtu yeyote, popote, itakayoweza kuirudisha ikishatoka. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilipoweka vitalu vya mafuta sokoni, baadhi vikiwa juu ya tope hilo, nchi tajiri zilipiga kelele, huku zenyewe mwaka uleule zikitafuta gesi mpya kila pembe ya dunia. Mnada ule ulifutwa 2024.

Wanaotaka kaboni hiyo ikae chini waifanyie malipo yanayofika Mbandaka na vijiji vya kando ya mto, si semina hotelini. Na wakipendekeza kulipa kwa miche, muwaulize waipande kwao kwanza, walipokata.

SWALI: Nipande lini? (Morogoro)

JIBU: Chimba shimo wiki kadhaa kabla ya mvua, udongo wa juu uweke kando yake peke yake. Subiri mvua ilowanishe ardhi vizuri, siyo manyunyu ya siku moja. Panda jioni, weka matandazo, zungushia miiba. Na kiriba uchane, ukitoe kabla ya kufukia. Ndiyo, wapo wanaofukia nacho, tazama picha za uzinduzi wowote.